Thuo Aliambiwa Simama

“Mwanamke huyu ni mwongo!”

Hapo ndipo tulipoachana Ijumaa iliyopita. Hakimu alikuwa amepiga meza kwa kiganja, na Jepkosgei amebaki kizimbani mdomo wazi, mtoto amemlalia mgongoni. Nimepata barua zenu. Mzee mmoja wa Longonot ameniandikia kurasa nne akinitaka nimtoe mama wa watu pale kabla hajafungwa. Mzee wangu, kalamu ni yangu lakini korti si yangu. Tulia usome.

Na wewe uliyenunua gazeti leo ili ufungie sukari, nitakueleza kwa pumzi moja.

Ni mwaka wa hamsini na nne, Imajensi, ile hali ya hatari, imepamba moto. Thuo, mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu huko Lanet, amepigwa risasi zizini saa tisa mchana, jua linawaka. Aliyempiga ni inspekta kijana wa polisi ambaye watu wamempachika jina Bwana Mara Moja, kwa sababu kila anachotaka anakitaka mara moja. Inspekta anasema Thuo alikuwa gaidi: aliambiwa simama, akaruka kumshambulia. Nyakio, mke wa Thuo, anasema mumewe alikuwa mkamuaji, basi.

Hakimu akiandika “gaidi”, Nyakio na watoto wake watatu watapakiwa kwenye lori wapelekwe rizavu, ardhi waliyotengewa watu wao, na Thuo atabaki kwenye shimo lisilo na jina nyuma ya kambi ya polisi. Hakimu akiandika “mkamuaji”, Nyakio atapewa mwili wa mumewe akauzike kama mtu. Ni neno moja tu kwenye karatasi.

Shahidi aliyeona kwa macho ni mmoja, Jepkosgei, aliyekuwa akikamua ng'ombe wa pili. Na huyo ndiye ameitwa mwongo.

Haya, tuingie ndani.

“Kabla hajashushwa mahabusu,” alisema wakili wa serikali, “naomba nimuulize swali la mwisho, Bwana Hakimu, ili dunia nzima ielewe uongo wake uko wapi.”

Hakimu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na wiki tatu tangu ashuke kutoka Ulaya, na Kiswahili chote alichokijua kilikuwa “chai” na “kesho”. Yote mengine yalipita kwa mkalimani, Bwana Obeid wa Bondeni, hapa Nakuru.

“Jana uliapa kwamba Thuo alikuwa amekaa,” wakili alisema. “Ndiyo au siyo?”

Kizungu kile kikaingia kwa Obeid, kikatoka Kiswahili kilichopigwa pasi.

“Ndio,” Jepkosgei alisema. “Alikuwa amekaa kwa stuli. Kichwa yake iko kwa tumbo ya ng'ombe.”

Obeid alifumba macho kidogo, maana “kichwa yake” ilimuuma kama jino bovu. Babake alikuja na reli kutoka Mombasa, na kule Bondeni watu wakibishana juu ya neno huenda barazani kwake awaamue. Miaka kumi na tisa alikuwa mkalimani wa korti, na hakuna siku aliyowahi kusahihishwa.

Wakili akafungua faili. Akasoma ushahidi wa asubuhi kama ulivyoandikwa kwa Kizungu: Thuo aliamriwa akome mwendo, naye akakoma.

“Akakoma mwendo!” wakili alirudia. “Jana amekaa, leo yuko mbioni. Muulize, mtu aliyekaa anakomaje?”

Obeid akamgeukia Jepkosgei.

“Wakili anauliza, mtu aliyekaa anasimamaje?”

Jepkosgei alimtazama mkalimani, akamtazama wakili, akamtazama hakimu. Alidhani wanamfanyia mzaha.

“Si kwa miguu?” alisema.

Watu wa benchi za nyuma walicheka. Hata askari wa mlangoni alificha meno. Hakimu akauliza kwa hasira wanacheka nini, amesema nini.

Obeid akafungua mdomo atafsiri. Mdomo ukabaki wazi.

Kwa miguu. Lo! Jamani, kwa miguu!

Wewe msomaji ulishaliona zamani, labda tangu wiki juzi, na ulikuwa unanipigia kelele pale unaposomea. Lakini Obeid alikuwa hajaliona. Ukikaa miaka kumi na tisa ukichota neno huku na kulimimina kule, kuna siku mkono unachota wenyewe na akili haipo. Asubuhi ile Jepkosgei alisema, “Alimwambia simama, akasimama.” Obeid akalimimina haraka. Kizungu kina maneno mawili mahali ambapo sisi tuna moja, naye akachukua lisilo lake.

“Bwana Hakimu,” alisema, “mwanamke huyu hakusema uongo. Uongo ni wa Kizungu changu.”



“Neno alilosema ni simama. Anayekwenda ukimwambia simama, anakoma mwendo. Aliyekaa ukimwambia simama, anainuka. Neno ni hilo hilo moja. Yeye alimaanisha Thuo aliinuka kwenye kigoda. Mimi nikakuambia alikoma mwendo. Kosa ni langu.”

Wakili akaangua kicheko. “Neno moja, maana mbili, na zote mbili zinamfaa maiti! Hiyo ni lugha gani?”

“Ni lugha ambayo Inspekta ameapa kwamba anaijua,” Obeid alisema.

Bwana Mara Moja alikuwa amekaa kwenye benchi la polisi, mguu juu ya mguu, anachorachora kijitabuni. Hakuwa akisikiliza. Hapo sijui shetani gani au malaika gani alimpanda Obeid, mtu mpole, baba wa watu, mtu wa kanzu safi siku ya Ijumaa. Aligeuka akavuta pumzi, akapiga ukelele wa sajini kwenye gwaride.

“Inspekta! Simama!”

Bwana Mara Moja akaruka juu, visigino vikagongana, mikono ikanyooka ubavuni. Kijitabu kikaanguka.

Hakuna aliyecheka safari hii.

“Bwana Hakimu,” Obeid alisema taratibu, “sasa muulize alikuwa akienda wapi.”

Hakimu alimtazama inspekta kwa muda mrefu. “Kwa nini umesimama?”

“Ameniambia nisimame, Bwana.”

Akajisikia mwenyewe alichosema. Uso ukawa mwekundu hadi masikioni, akainama kuokota kijitabu chake, akakaa polepole.

Hakimu akachukua kalamu. Mtu huyu alikuwa mgeni, alikuwa mkali, lakini tumpe haki yake, hakuwa mjinga.

“Amri za polisi zinataka mtu aonywe kwa lugha anayoifahamu kabla ya kupigwa risasi,” alisema. “Inspekta, uliapa kwamba ulimwonya kwa Kiswahili.”

“Nilimwonya, Bwana. Nilisema simama. Mara mbili.”

“Na shahidi anakubali kwamba ulisema.”

“Anakubali.”

“Basi kama mtu alikuwa amekaa, ukamwambia neno lenye maana ya inuka, naye akainuka, ulimpiga risasi mtu aliyekuwa anakutii.”

Obeid hakuambiwa atafsiri maneno hayo, lakini aliyatafsiri, kwa sauti ya chini, akielekeza uso benchi la nyuma alikokaa Nyakio. Nyakio alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Tangu siku ile ya zizini hakuwa amelia mbele za watu. Sasa machozi yalianza kushuka yenyewe, na hakuyapangusa.

Hakimu akaahirisha kesi mpaka saa nane. Karani aandike upya ushahidi wa Jepkosgei kama ulivyosahihishwa. Asomewe, aapishwe tena, aweke kidole. Kisha yeye atatoa uamuzi wake, na kama mambo ni kama yanavyoonekana, mjane ataondoka na barua ya kuchukua mwili kesho asubuhi.

Akaondoka na neno moja kwa Obeid, bila kumtazama. “Wewe, baada ya leo usirudi tena hapa.”

“Ndiyo, Bwana,” Obeid alisema.

Nyuma ya korti kulikuwa na bomba la maji, na vumbi letu hili la Nakuru ambalo halimwogopi hakimu wala mshtakiwa. Nyakio alikuwa amefunga viazi vitamu viwili kwenye kitambaa. Kimoja, kile kikubwa, akampa Jepkosgei, akimwita kwa jina la mwanawe.

“Kula, mama Jepkoech. Kula, umenisaidia. Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Watu wangu mwenyewe waliogopa kuja hapa, na wewe si hata wa kabila langu.”

Jepkosgei alikishika kile kiazi. Hakukipeleka mdomoni.

“Kesho nitamwosha,” Nyakio alisema. “Najua amekaa huko wiki tatu, najua hatakuwa yeye. Lakini nitamwosha. Nitamvalisha ile koti yake ya kanisa. Wariara wangu amenishonea kifungo kilichokuwa kimetoka.”

“Mama Wariara,” Jepkosgei alisema, “nyamaza kwanza.”

“Kuna nini? Mtoto anaumwa?”

“Mimi nataka kukuambia kitu. Nikimaliza, kama unataka kunipiga, toa mtoto kwanza kwa mgongo yangu.”

Nyakio akacheka kidogo. Alidhani ni uchovu unaosema.

“Ile neno si ya Bwana Inspekta,” Jepkosgei alisema.

“Neno gani?”

“Simama. Bwana hakusema simama. Bwana alisema holt. Alisimama kwa mlango ya zizi akasema holt, holt, kizungu tu. Thuo hakujua. Aliendelea kukamua. Mimi najua holt. Mume yangu Kiptanui alirudi nayo kutoka vita ya Burma, hata ndama anaiambia holt. Nikaona bunduki imeinuliwa. Nikaogopa. Nikamwambia Thuo, simama.”

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka. Nyakio akanyoosha mkono akayafunga.

“Nilitaka aache,” Jepkosgei alisema. “Aache kukamua, atulie hivyo hivyo. Holt ni kuacha. Mimi nilijua ni kuacha! Lakini ilitoka kwa mdomo yangu simama, na yeye akainuka na ndoo mkononi.”

Huyo mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na ndani ya nusu dakika, mbele ya mtutu wa bunduki, alifanya kazi ile ile ambayo Obeid analipwa kuifanya. Na akakosea pale pale alipokosea Obeid. Obeid alipata nafasi ya kujisahihisha.

“Ungenyamaza,” Nyakio alisema.

“Ndio.”

“Ungenyamaza tu, mama Jepkoech. Angeendelea kukaa. Wangefika pale karibu, wangeona ni mtu anakamua.”

“Ndio. Kila siku najiambia.”

“Na asubuhi ukaapa ni Bwana aliyesema!”

“Bwana ndiye aliapa kwanza! Mimi nilikuwa nimekaa pale nikamsikia, anasema ni yeye, anasema mara mbili. Nikafikiri, kama anaitaka hiyo neno, achukue. Nilishukuru Mungu, mama Wariara. Wiki tatu nilikuwa nayo peke yangu. Nikilala ninayo, nikikamua ninayo. Bwana akanibebea.”

Sasa unaona, msomaji. Inspekta alihitaji neno la Kiswahili, maana bila onyo la Kiswahili alikuwa ameua tu. Jepkosgei alihitaji mtu wa kumtua mzigo. Watu wawili wasiopendana wakakutana kwenye uongo mmoja bila kupanga, kila mtu akamwachia mwenzake.

Nyakio alikaa chini vumbini. Akaweka mikono juu ya kichwa.

“Alisema nini?” aliuliza.

“Nani?”

“Thuo. Ulipomwambia.”

Jepkosgei alianza kulia. “Usiniulize hiyo.”

“Nakuuliza.”

“Alisema, ngoja, huyu amebakisha kidogo. Ng'ombe ilikuwa imebakisha kidogo. Hakuniangalia hata. Mimi nikamwambia tena. Nikamwambia, simama, Thuo, simama.”

Nikiwa ninaandika mstari huo niliweka kalamu chini nikatoka nje ya nyumba. Mke wangu aliniuliza nimekosana na nani. Nisameheni, turudi pale bombani.

Nyakio alipangusa uso kwa kitambaa cha viazi. Alipoongea tena sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ngumu.

“Sikiliza. Hayo umeniambia mimi. Usimwambie mtu mwingine.”

“Lakini naapishwa tena.”

“Apa. Weka kidole. Hakimu amesema mwenyewe, nitapewa Thuo kesho. Nipe mume wangu kwanza. Nikishamfukia, nenda ukaseme unachotaka, hata barabarani ukapige kelele. Lakini leo funga mdomo.”

“Kwetu,” Jepkosgei alisema, akimgusa mtoto mgongoni kwa nyuma, “mtu akikula kiapo ya uongo juu ya mtu aliyekufa, hafi yeye. Inakula mtoto. Ya kwanza nilikula sababu ya uoga. Ya pili nitasema nini?”

“Mtoto wako hatakufa! Wangu watatu ndio watapanda lori. Wariara anakohoa, unamjua, kule rizavu atamaliza mwezi? Mama Jepkoech, sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba hiki.”

Jepkosgei alimtazama mwanamke yule aliyekaa vumbini, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfanya mjane kwa neno moja, na ambaye sasa alikuwa anamwomba neno lingine tu, la kunyamaza.

“Sawa,” alisema. “Nitaweka kidole.”

Saa nane kamili.

Obeid alikuwa mahali pake, kofia yake ameipachika kwenye goti, anafanya kazi yake ya mwisho. Karani alisoma Kizungu, Obeid akakitoa Kiswahili, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

“Thuo alikuwa amekaa kwenye kigoda akikamua. Ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Inspekta alifika mlangoni mwa zizi na bunduki. Ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Inspekta alisema kwa Kiswahili, simama, mara mbili, na Thuo akainuka kwa kutii. Ni kweli?”

Jepkosgei hakujibu. Karani, ambaye alikuwa na njaa, alichukulia kimya kuwa ndiyo, akasukuma karatasi na kibweta cha wino. Jepkosgei akachovya dole gumba. Akalipeleka juu ya karatasi. Mgongoni mtoto akakohoa, kikohozi kidogo tu cha vumbi ambacho watoto wote wa Nakuru wanacho.

Dole likabaki hewani.

“Weka,” Obeid alimnong'oneza.

Benchi la nyuma Nyakio alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, hapana, usiseme, midomo imekazwa.

Jepkosgei akafumba macho asimwone. Akasema yote kwa mfululizo, kwa haraka, kama mtu anayemwaga kitu cha moto.

“Nilidanganya. Ile neno ilitoka kwa mdomo yangu, mimi ndiye nilimwambia Thuo simama. Bwana alisema holt peke yake, kizungu tu, na Thuo hajui kizungu.”

 Obeid alisikia kila neno. Alijikaza. Alikuwa amejiapia kwamba leo hatakimbilia neno, atalitoa moja moja, kwa mpango, bila kosa.

“Anasema,” alianza kwa Kizungu, “alidanganya.”

Hakimu hakungoja.

“Alidanganya!” Alisimama kabisa, mikono juu ya meza. “Asubuhi nimekaribia kumfunga, nikaombwa radhi kwa niaba yake, na sasa anakiri kwa mdomo wake mwenyewe! Mbele yangu! Na wino kidoleni!”

Wakili wa serikali alishakuwa juu. Ushahidi wote wa mwanamke huyu ufutwe, alisema, wa jana na wa leo, na yeye ashikwe kwa kuapa uongo. Ushahidi ukifutwa linabaki neno la Inspekta peke yake.

“Naufuta,” hakimu alisema. “Askari!”

Kuna mtu mmoja kwenye benchi la mbele ambaye hakuhitaji mkalimani. Bwana Mara Moja Kiswahili anakijua, si ameapa? Aliyasikia yote, mpaka mwisho. Alijua mwanamke yule alikuwa amesema nini juu yake. Alifunga kijitabu chake, akakitia mfukoni, akaanza kunyoosha ukingo wa kofia yake. Akanyamaza kimya.

Askari wawili walikuja kutoka mlangoni. Walipopita mbele ya Inspekta walimpigia saluti. Kisha wakaenda kizimbani.

“Mtoto je?” mmoja aliuliza.

“Mtoto hayumo kwenye amri,” mwenzake alisema.

Hapo ndipo Nyakio alipoinuka. Watu walimpisha, maana walimwona usoni, na kila mtu alidhani anakwenda kumrarua. Mwanamke aliyemwomba kitu kimoja tu! Kesho hapana maiti, hapana koti la kanisa, kuna lori. Alitembea mpaka kizimbani, akasimama mbele ya Jepkosgei.

“Geuka,” Nyakio alisema.

“Mama Wariara, nisamehe.”

“Geuka, nimesema.”

Jepkosgei akageuka. Nyakio akafungua fundo la shuka, akamshusha mtoto, akambeba begani.

“Bado ananyonya?”

“Bado.”

“Meno?”

“Mbili.”

“Nitampa uji,” Nyakio alisema.

Wakamfunga Jepkosgei pingu juu ya wino mbichi. Hakimu alikuwa ameshainamia karatasi nyingine, safi, anaandika jina la Thuo juu yake, na wakili amesogea kumwazima kalamu iliyo nzuri zaidi. Neno lile moja lilikuwa linakuja.

“Bwana Hakimu,” Obeid alisema.

“Kazi yako imekwisha. Toka nje.”

“Bwana Hakimu alisema baada ya leo. Leo bado haijaisha.” Alikuwa amesimama, kofia imeanguka miguuni pake, na macho yake hayakuwa kwa hakimu. Yalikuwa kwa Inspekta. “Mwanamke huyu amesema maneno mengi. Bwana Hakimu amesikia la kwanza tu. Sijamaliza kutafsiri.”